Kwa Nini Mgeni Hufahamika Vibaya

Mwaka wa 1883 Mskoti mmoja, jina lake Joseph Thomson, aliondoka Mombasa kwa niaba ya Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, akaikata nchi ya Wamasai, akapita Baringo hata akafika ziwa Victoria. Kitabu alichokitoa mwaka wa 1885 kina mengi ambayo msomaji wa leo atayasoma huku amekunja uso, maana Thomson hakuwa mtu wa kuficha majivuno yake. Lakini jambo moja aliliona sawasawa. Aliona kwamba Mmasai akimtemea mtu mate hamtukani, bali anamtakia heri. Nao walipomdhania kuwa mganga mkubwa, walimjia wakitaka awatemee mate ili wapate baraka, naye akafanya hivyo mara nyingi.

Na afikiriwe sasa mzee wa Kimasai ambaye mwaka ule ule angalifanya wema huo huo katika barabara ya London. Bila shaka angalikamatwa na polisi kabla hajafika kwenye pembe ya nyumba ya pili. Mate ni yale yale, na nia ya moyoni ni ile ile. Kilichobadilika ni akili ya mtazamaji. Hapo ndipo shida yote ya kumfahamu mgeni inapoanza. Macho humwona mtu akitenda jambo, lakini maana ya jambo lile haionekani kwa macho. Maana huongezwa na yule anayetazama, tena huiongeza upesi sana hata yeye mwenyewe hajui kwamba ameongeza kitu.

Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa macho. Katika makabila mengi ya Kenya kijana aliyelelewa vizuri hamkazii macho mzee anaposemeshwa. Huinamisha uso kidogo, hutazama chini au pembeni, na sauti yake huwa ndogo. Mama yake amemfundisha hivyo tangu utoto, na kama angalifanya vingine angaliambiwa kuwa hana adabu. Kijana huyu akienda mjini kutafuta kazi, akaketi mbele ya mwajiri aliyelelewa kwa desturi za Ulaya, adabu ile ile humgeukia kuwa shtaka. Mwajiri amefundishwa na mama yake mwenyewe kwamba mtu mnyofu humtazama mwenzake usoni. Basi huandika katika karatasi yake kwamba kijana huyu ana jambo analolificha, na kazi inakwenda kwa mwingine.

Wala si Wazungu peke yao wanaoamini hivyo. Mwaka wa 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa nchi nyingi waliowauliza watu katika nchi 58 swali moja tu: mtu anaposema uwongo, hujulikanaje? Jibu lililotolewa kuliko yote, tena na zaidi ya nusu ya waliojibu, lilikuwa kwamba mwongo hukwepa macho. Ni imani iliyoenea karibu dunia nzima, nayo si ya kutegemewa. Mwaka ule ule Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya pamoja uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa juu ya kutambua uwongo, ambao ndani yake watu zaidi ya 24,000 walisikiliza maneno ya wengine na kuamua nani mkweli na nani mwongo. Walipatia mara 54 katika kila mara 100. Mtu anayerusha sarafu hewani bila kumsikiliza yeyote angalipatia kama mara 50.

Jambo hili si la kuchekesha likiingia mahakamani. Sheria ya Kenya, kama ile ya Uingereza ambako ilitoka, huupa uzito mkubwa uamuzi wa hakimu aliyemwona shahidi kwa macho yake na kumsikia kwa masikio yake, na mahakama ya rufani husita kuupindua kwa sababu yenyewe haina ila karatasi. Utaratibu huo una hekima yake. Hata hivyo, mwanamke wa kijijini anayejibu maswali ya wakili kwa sauti ya chini, akitazama sakafu, kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwake, huenda akawa anaonyesha heshima kwa mahakama, na yule aliyeketi juu akaona hila. Uhuru wa mtu, au shamba lake, huweza kutegemea tofauti hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya namna hii hutokea kwa kukosa lugha moja, na kwamba mahali ambapo wote husema Kiswahili hapawezi kuwa na matata. Dhana hiyo ni kinyume cha mambo yalivyo. Wasiosikilizana kabisa hujua kwamba hawasikilizani, wakatafuta mkalimani. Wenye lugha moja hawatafuti.

Mtu wa Nairobi akifika Tanga au Dar es Salaam, akaingia mkahawani, husema, “Nipe chai,” au “Leta chai na chapati mbili.” Kwake hayo ni maneno ya kawaida, hana ukali wala dharau. Lakini mwenyeji amezoea kusikia, “Naomba chai,” na akisikia “leta” huona amefanywa mtumwa. Huenda akaileta chai, tena akaileta polepole, na jioni akawaambia jamaa zake kwamba watu wa Kenya ni wakali. Mtanzania naye akija Nairobi akasema, “Naomba chai,” mhudumu humtazama mara mbili, maana katika masikio yake kuomba ni kazi ya mtu asiye na fedha. Basi mmoja ameonekana hana adabu na mwingine ameonekana hana senti, na wote wawili walitaka kunywa chai tu.

Sababu ya tofauti hii imo katika historia ya nchi zenyewe. Katika bara ya Kenya watu wengi walijifunza Kiswahili kazini: katika reli, katika mashamba ya masetla, katika jeshi na polisi. Maneno ya kwanza waliyoyasikia yalikuwa amri. Masetla wengi walijua Kiswahili cha kuagiza tu, hata kikapewa jina lake, Kisetla, na ndani yake hamkuwa na nafasi ya kuomba wala kubembeleza. Mkikuyu, Mkamba au Mjaluo hakupungukiwa na adabu kwa ajili hiyo. Adabu yake ilibaki nyumbani, ndani ya lugha ya mama yake, ambamo kuna namna nyingi za kumwita mtu mzima kwa heshima na kumwomba kitu bila kumwamuru. Kiswahili kwake kilikuwa nguo ya kazi. Pwani, na katika sehemu nyingi za Tanganyika, Kiswahili kilikuwa nguo ya nyumbani pia, nguo ya harusi na ya matanga, na baada ya uhuru wa mwaka wa 1961 serikali ya huko ilizidi kukifanya lugha ya wote. Ndiyo maana mtu wa Nyeri hukutana na mashaka yale yale Mombasa au Lamu, bila kuvuka mpaka wowote.

Salamu ni mfano mwingine. Mzee wa Tanga hungoja kusikia “Shikamoo” kutoka kwa kijana, ili naye ajibu “Marahaba,” na neno lile likikosekana huona pengo, kama mtu aliyenyosha mkono na hakuna aliyeushika. Kijana wa bara ya Kenya humwambia, “Habari yako, mzee.” Lakini na atazamwe vizuri. Amevua kofia. Ameinama kidogo. Ametoa mkono wa kuume, na mkono wa kushoto ameushikisha kwenye kiwiko cha ule wa kuume, kama alivyofundishwa kufanya mbele ya mtu mkubwa. Heshima yake yote ameiweka mikononi, naye mzee alikuwa akiitafuta mdomoni.

Kwa nini basi msemaji mwenyewe asitambue kwamba hajafahamika? Mwaka wa 1990 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Elizabeth Newton, alifanya jaribio dogo ambalo kila mtu aweza kulifanya nyumbani kwake. Aliwapa watu kazi ya kupiga nyimbo zinazojulikana na wote kwa kugonga meza kwa vidole tu, bila kuimba, na mtu mwingine akae asikilize na kuutaja wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangezitambua kama nusu ya nyimbo. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo wote kichwani mwake, sauti na maneno na ngoma zake, hata akastaajabu kwamba mwenzake amekaa kama gogo. Mwenzake hakusikia kitu ila ko-ko-ko ya meza. Kila mtu asemapo na mgeni ni mgongaji wa namna hiyo. Nia yake anaisikia moyoni wazi kabisa, na hudhani imefika pamoja na maneno.

Yote yaliyosemwa hadi hapa ni ya desturi na lugha. Kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo hufanya kazi hata pale ambapo desturi ni moja. Mtu akimwona mgeni akitenda jambo, hupenda kusema kwamba tabia yake ndiyo iliyomfanya atende hivyo, na husahau hali iliyomzunguka. Akichelewa yeye mwenyewe, ni gari lililoharibika njiani. Akichelewa mgeni, ni mvivu. Sababu za nafsi yake anazijua zote, na za mgeni hazijui hata moja. Basi hulijaza pengo kwa neno moja la kumhukumu.

Mwaka wa 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, waliwapa wanafunzi insha zilizomsifu Fidel Castro wa Kuba au kumshutumu. Wengine waliambiwa wazi kwamba mwandishi hakujichagulia upande, bali aliamriwa aandike hivyo. Hata baada ya kuambiwa, walipoulizwa mawazo ya kweli ya mwandishi, waliegemea kusema kwamba aliyeandika kumsifu Castro alimpenda. Walijua amri ilikuwapo, ila hawakuipa uzito wake.

Jaribio la mwaka wa 1977, lililofanywa na Lee Ross pamoja na Teresa Amabile na Julia Steinmetz, lamfaa zaidi msomaji wa hapa kwetu, kwa sababu linaonekana kila siku katika ofisi. Watu wawili waligawanywa kwa bahati tu, mmoja awe muulizaji na mwingine awe mjibu. Muulizaji aliruhusiwa kutunga maswali magumu kumi kutoka katika mambo anayoyajua yeye. Bila shaka mjibu alishindwa na mengi. Mwishoni wote waliulizwa nani kati yao ana maarifa zaidi. Mjibu alisema muulizaji anamshinda sana, na watazamaji wakakubali. Hakuna aliyekumbuka kwa kadiri ya kutosha kwamba kura ndiyo iliyompa yule mmoja haki ya kuchagua maswali, na kwamba kila mtu duniani anajua mambo kumi yasiyojulikana na mwenzake.

Na aangaliwe karani aliye dirishani na mkulima aliye kwenye mstari mrefu. Karani anajua ni karatasi gani inayotakiwa, itiwe sahihi wapi, na ilipwe shilingi ngapi. Mkulima hajui, kwa sababu mambo hayo hayakutungwa na yeye. Baada ya miaka kumi ya kazi ile karani huamini kwa moyo safi kwamba wakulima ni watu wajinga, maana kila siku amewaona wakishindwa na maswali yake. Mkulima naye aliyerudishwa mara tatu huamini kwamba karani ni mtu mwenye roho mbaya. Haoni kwamba kanuni zimetoka kwa wakubwa, wala kwamba karani tangu asubuhi amehudumia watu mia na hajala kitu. Siku karani yule atakapokwenda shambani kununua ng'ombe wa maziwa, atauliza maswali yatakayowachekesha watoto wa mkulima.

Hata watu wa dini hawakuokoka. Mwaka wa 1973 John Darley na Daniel Batson walitoa habari za jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa chuo cha uchungaji huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba, na wengine hotuba yao ilikuwa juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kuugua. Waliokuwa na nafasi walisimama kumsaidia kwa kadiri ya 63 katika 100; waliokuwa na haraka kidogo, 45; walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Hotuba waliyokuwa wameibeba kichwani haikuleta tofauti ya kutegemewa. Mpita njia mwingine angaliyemwona mwanafunzi akiruka juu ya miguu ya mgonjwa angalisema, “Huyu ni mnafiki.” Kumbe ni mtu aliyeambiwa kwamba wanamngoja.

Makosa haya yakifanywa na mtu mmoja juu ya mwenzake, huleta chuki ndogo. Yakifanywa na mji mzima juu ya watu wa namna fulani, huzaa uvumi, na uvumi ni kitu kingine kabisa. Katika Afrika ya Mashariki uvumi uliojulikana kuliko wote wakati wa ukoloni ulikuwa ule wa mumiani. Neno lenyewe ni la zamani: lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyofanana na utomvu, iliyoletwa pwani kutoka nchi za mashariki na kutumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu mengine. Baadaye watu wakasema dawa ile ni damu ya binadamu, na kwamba wapo watu wanaolipwa kuwakamata wengine usiku na kuwanyonya. Nairobi lawama iliwaangukia wazimamoto. Mwaka wa 1959 mambo ya mumiani yalizusha ghasia huko Buguruni, Dar es Salaam. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi mengi ya watu wa Kenya, Uganda na sehemu nyingine, akayatoa katika kitabu mwaka wa 2000.

Watawala wa wakati ule waliona jambo hili kuwa ujinga, wakaishia hapo. Laiti wangalitazama kile ambacho watu walikuwa wakikiona. Palikuwa na magari mekundu yaliyofungiwa ndani mchana na kutoka mbio usiku. Palikuwa na watu wenye mavazi ya serikali, wanaokula mshahara, ambao siku nyingi hawakuonekana wakifanya kazi yoyote, kwa kuwa moto hauwaki kila siku. Palikuwa na madaktari waliokuja vijijini na sindano kutoa damu kwa ajili ya kupima maradhi, wakaenda nayo, na aghalabu hawakueleza inakokwenda. Mtu akiyaunganisha hayo matatu bila kuambiwa neno, hatafika mbali na mumiani. Kosa la wananchi lilikuwa kuwadhania wazimamoto kuwa wauaji. Kosa la watawala lilikuwa kudhani kwamba wananchi hawakuwa na sababu ya kuuliza, na kwa hiyo hawakuona haja ya kujibu.

Hofu ya namna hii ni ya kale kuliko magari mekundu. Olaudah Equiano, aliyepata uhuru wake na kutoa kitabu cha maisha yake huko London mwaka wa 1789, ameeleza kwamba alipopandishwa merikebu ya watumwa akiwa mtoto, alipoona watu weupe na chungu kikubwa cha shaba kinachochemka, aliamini kwamba ameletwa aliwe. Vitabu vya Ulaya vya zama zile vilijaa hadithi za Waafrika wanaokula watu. Kila upande ulimwona mwenzake kuwa ndiye mla watu. Ila ni haki kusema kwamba mtoto yule alikuwa na ushahidi mkubwa zaidi, kwani aliona kwa macho yake watu wakichukuliwa, na hapakuwa na aliyerudi.

Wala mambo hayo hayakwisha na ukoloni. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2021, katika Kaunti ya Kajiado, vijana wanne waliokuwa wakisafiri kwa pikipiki walikutana na kundi la watu waliowadhania kuwa wezi wa mifugo. Mifugo ilikuwa imeibwa mara nyingi katika sehemu zile, na wenyeji walikuwa na hasira ya siku nyingi. Vijana hawakujulikana na mtu pale. Walipigwa hata wakafa wote wanne. Ndugu zao walisema kwamba walikuwa wakirudi nyumbani kutoka matembezi. Hasira ile ilikuwa na sababu, wala hakuna awezaye kuikana; lakini haikuwa sababu iliyotoka kwa vijana wale. Ilikuwapo kabla hawajafika, ikingoja sura ya mtu wa kuibeba, na sura isiyojulikana ndiyo inayobeba vitu vya namna hiyo kwa wepesi.

Pamoja na hayo, watu si mawe, na mara nyingine swali moja limetosha. Mtaalamu wa desturi za watu, Richard Lee, aliishi miaka ya 1960 pamoja na Wakung, wawindaji wa jangwa la Kalahari. Sikukuu ya Krismasi ilipokaribia alinunua maksai mkubwa sana, mnene, ili awakirimu watu waliomkaribisha. Mmoja baada ya mwingine walimjia wakamwambia kwamba amenunua gunia la mifupa, na kwamba sikukuu itaharibika na watu watapigana kwa njaa. Alikosa raha siku nyingi, akawaona kuwa watu wasio na shukrani. Maksai alipochinjwa, mafuta yake yalikuwa mazito ajabu, na watu wakacheka mpaka wakaanguka. Ndipo alipokwenda kuuliza. Aliambiwa kwamba kila mwindaji anayeleta nyama nyingi hufanyiwa vivyo hivyo, ili moyo wake usipande juu akajiona mkubwa kuliko wengine, maana majivuno ya namna hiyo siku moja huua mtu. Walikuwa wamemtendea kama mmoja wao. Habari hiyo aliitoa mwaka wa 1969, nayo husomwa hadi leo na wanafunzi wa vyuo vikuu.

Wazee wa nchi hizi walijua shida ya mgeni kabla ya vyuo vikuu kuwapo, na baadhi yao hawakungoja mioyo ya watu igeuke kuwa mizuri, waliweka taratibu. Wakikuyu na Wamasai walipigana na kunyang'anyana ng'ombe mara nyingi katika karne ya 19, lakini wanawake wa Kikuyu waliendelea kuvuka mpaka na mizigo yao ya vyakula kwenda kubadilisha kwa ngozi na vitu vingine, hata wakati wa vita. Walikwenda kwa vikundi, pamoja na mtu aliyejulikana pande zote mbili. Hakuna aliyeachwa akisie nia ya mwanamke mwenye mzigo mgongoni. Ilikwisha kujulikana tangu zamani.

Utaratibu wa ajabu zaidi ni utani wa Tanganyika. Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kutoka bara kwenda pwani, safari ya miezi mingi, walipita katika nchi za watu wasiowajua, wakiwa na njaa, tena wengi. Kati yao na makabila ya njiani, kama Wazaramo, ukaota utani. Mtani huweza kumtukana mtani wake mbele za watu, akamchukulia kitu chake kidogo bila kuomba, akamcheka sura yake na ukoo wake, na aliyetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Hata makabila yaliyouana vitani karne ile, kama Wangoni na baadhi ya jirani zao, baadaye yakawa watani. Yale matusi ambayo kati ya wageni yangalileta mapanga yaligeuzwa kuwa alama ya kwamba watu hawa wanahusiana.

Utani huo huonekana hasa penye msiba. Watu wamekaa wakilia, naye mtani anafika akicheka. Humwigiza marehemu namna alivyokuwa akitembea, huwakejeli wafiwa, huizuia njia ya jeneza mpaka apewe kitu. Mpita njia asiyejua desturi, akisimama barabarani kutazama, atasema kwamba yule ni adui wa marehemu aliyekuja kufurahia kifo chake. Na huenda yule ndiye aliyeamka alfajiri na jembe kulichimba kaburi.